Jiwe Namba Kumi na Nne Lina Mwenyewe

Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Makumbusho,

YAH: MTU MLIYEANDIKA KUWA HAJULIKANI

Naomba barua hii ikukute mzima, na ikukute umekaa, kwa sababu ni ndefu. Mimi si mzoefu wa kuandika. Barua zote za nyumba hii alikuwa akiziandika marehemu mume wangu, mimi nikimtajia maneno na yeye akiyapunguza. Sasa hakuna wa kuyapunguza.

Mimi ndiye mwenye nyumba ambayo wataalamu wako walichimba nyuma yake mwaka jana. Mafundi bomba walikuwa wakipitisha mtaro wa maji, wakakuta mawe yaliyochongwa na mkono wa mtu, kazi ikasimamishwa, na wataalamu wako wakaja na kamba, brashi na vijiko vya chuma. Walikaa siku tisa. Ilikuwa wiki ya sita tangu nimzike mume wangu, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilifurahi kusikia watu wakikohoa uani. Niliwapa chai kila siku saa nne. Nilitia saini karatasi iliyosema wanaruhusiwa kuchukua "mawe yote yenye dalili ya kutumiwa na binadamu". Sikuisoma vizuri, na hapo kosa ni langu.

Mume wangu alikuwa fundi viatu. Alifanyia kazi barazani kwetu kwa miaka thelathini na moja, na chombo chake kikubwa kilikuwa jiwe. Nyundo alikuwa nayo, ila alisema nyundo ina haraka. Jiwe hilo lilienea kwenye kiganja chake kama lililozaliwa humo. Upande mmoja ulikuwa wa mviringo, wa kupondea ngozi iliyokaza. Upande wa pili ulikuwa na makali, wa kukwangulia gundi kavu kwenye soli. Makali yakiisha aliligonga kwa jiwe jingine, kibanzi kinaruka, makali yanarudi. Kazi ikiisha lilikaa chini, upande wa kushoto wa kigoda chake, na hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kulisogeza, hata mimi nikifagia. Nilikuwa nikifagia kulizunguka.

Baada ya mazishi sikuweza kupita barazani. Niliingia na kutoka kwa mlango wa nyuma, kama mtu anayedaiwa. Siku wataalamu wako walipofungasha ndipo nilipojikaza nikaenda kukitazama kigoda. Kigoda kilikuwepo. Jiwe halikuwepo.

Baadaye mkaniletea kadi ya mwaliko, nije kuona vitu vilivyotoka kwangu. Nilikuja na wifi yangu, dada wa marehemu. Kwenye kabati la kioo la tatu, namba kumi na nne, nililiona limelala juu ya kitambaa cheusi, limewashiwa taa yake peke yake. Wifi yangu alilia mbele ya kioo kuliko mimi, hadi mlinzi akamletea maji na kiti. Tangu siku hiyo nimerudi mara kumi na moja, na wifi amenisindikiza mara tatu. Kila nikitaka kuandika barua hii amenizuia. "Wifi, achana nao," ananiambia. "Watu wenye mihuri utashindana nao kwa kalamu ya dukani?" Lakini mnyonge naye ana haki yake, na kalamu ya dukani nayo inaandika. Leo hayupo, nami nimekaa mezani.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kibao chenu kinasema: "Shoka la mkono. Lilitumika kukwangua ngozi. Mtumiaji alikuwa wa mkono wa kushoto. Hajulikani." Ndugu Mkurugenzi, sina ubishi na wasomi. Kwa kulitazama jiwe tupu wamejua kuwa mtu huyo alikwangua ngozi, na kweli alikwangua ngozi. Wamejua alikuwa wa kushoto, na kweli alikuwa wa kushoto. Mama mkwe wangu alijaribu mwaka mzima kumbadilisha akashindwa. Sasa watu waliofika umbali wote huo wanashindwaje kumalizia hatua moja iliyobaki? Wangeniuliza. Nilikuwa nimesimama hapo hapo na birika mkononi. Mtu huyo anajulikana. Anajulikana mtaa mzima. Anajulikana kwa mwalimu mkuu, ambaye viatu vyake vimebadilishwa soli mara nne na bado anavyo. Na mimi namjua hadi anavyopiga chafya: mara tatu, na ya tatu anaisemea samahani.

2. Umri. Mmeandika zaidi ya miaka laki saba. Marehemu alifariki akiwa na miaka sitini na sita na miezi minne. Naelewa kuwa mtu anayekaa juani huzeeka haraka, na baraza yetu inapigwa na jua la jioni, lakini tofauti hiyo ni kubwa mno. Jambo hili limenifedhehesha. Jirani yangu aliyeona picha ya jiwe gazetini alikuja kunipa pole upya, kisha akauliza kwa upole, "Mwenzangu, kwani wewe ulikuwa mke wake wa ngapi?" Nilimlalamikia yule mwongoza wageni wenu. Akanieleza kwamba umri haukupimwa kwenye jiwe, ulipimwa kwenye udongo lilimokutwa. Basi hapo tumeelewana. Udongo ni wa kale, sikatai. Lakini na mimi nimelala juu ya udongo huo huo miaka thelathini na moja, na kitambulisho changu hakisemi laki saba.

3. Picha iliyochorwa ukutani. Anaonekana mtu mwenye nywele mwili mzima, hana shati, amechuchumaa, mdomo wazi, jiwe mkononi. Mume wangu alifunga vifungo vyote hadi cha shingoni, hata katika joto la kuyeyusha gundi. Hakuwa mtu wa kuacha mdomo wazi, kwa sababu mara nyingi ulikuwa umeshika misumari. Tena mliyemchora ameshika jiwe kwa mkono wa kulia, wakati kibao chini yake kinasema kushoto. Ni wazi mchoraji na mwandishi hawasalimiani. Kuhusu lile paji la uso lililotokeza mbele sitasema kitu. Ukoo ule wanayo mapaji. Wifi yangu aliitazama picha kwa muda, kisha akasema, "Huyu mbona ni baba mdogo kabisa." Hilo tuliache kama lilivyo.

4. Lugha. Mwongozaji huwaambia wanafunzi kwamba watu hawa pengine hawakuwa na lugha, na kwamba waliwasiliana kwa miguno. Hapa niwe mkweli: mmekaribia. Asubuhi, mguno mmoja ulimaanisha chai iko sawa. Miwili, sukari imezidi. Mguno mrefu wa kushuka ulikuwa wa mteja aliyeleta kiatu kilichostahili kuzikwa. Lakini lugha alikuwa nayo. Hakupenda tu kuimaliza. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu nilimlalamikia kwamba naishi na ukuta, akaacha kazi, akanigeukia, akasema, "Mimi sisemi sana, ila ukiniita nitaitika." Na hakuna siku niliyomwita asiitike, isipokuwa moja. Kwa hiyo naomba mwongozaji arekebishwe. Awaambie watoto kwamba walikuwa na lugha, na kwamba waliitika.

5. Vibanzi vya mawe, namba kumi na tano hadi namba sitini na mbili. Mmeviita mabaki ya karakana ya kale. Mmeandika kwamba vimekutwa vimerundikana mahali pamoja, na kwamba hiyo ni "dalili ya jamii iliyojali mpangilio na usafi". Jamii hiyo ni mimi. Kila jioni nilifagia baraza, nikazoa vibanzi na masalio ya ngozi, nikamwaga nyuma ya nyumba. Nashukuru sana kwa sifa hizo. Katika ndoa yangu yote hakuna mtu aliyeusifu ufagiaji wangu, ikabidi wasomi watoke mbali na brashi zao ndogo. Mtaalamu wenu, yule mama mwenye miwani ya kamba, alinijibu kwamba vibanzi vilikuwa mita mbili chini ya ardhi. Nami namjibu kwa heshima: shimo la taka alilichimba mume wangu mwaka tuliohamia, na yeye akianza kitu hajui kuacha. Jirani wa upande wa pili alidhani tunachimba kisima, akaja na ndoo. Naomba basi kibao hicho kimtaje mfagiaji. Si lazima jina. Hata "mke wake" inatosha.

6. Mifupa. Ubao mkubwa karibu na mlango unasema watu hawa walipasua mifupa kwa mawe ili wapate uboho. Ni kweli. Ilikuwa kila Jumapili, na daktari alikuwa amemkataza. Naomba mstari huo ufutwe haraka, kwa kuwa daktari huyo nimemwona mwenyewe akiwaleta wanawe hapo makumbusho, na marehemu alimwapia kwamba ameacha. Mtu akishakufa asiumbuliwe na serikali.

7. Kwenye ubao huo huo, mstari wa mwisho kabisa: "Watu hawa walitoweka. Sababu ya kutoweka kwao haijulikani." Inajulikana. Ilikuwa shinikizo la damu, siku ya Jumanne, saa tatu na robo asubuhi, kiatu cha mtoto wa shule kikiwa magotini, soli imeshonwa nusu. Nusu iliyobaki niliimalizia mimi baada ya siku chache, vibaya, sindano ikinichoma, kwa sababu mtoto hakuwa na viatu vingine. Hakulalamika. Sijui kwa nini jambo linaloweza kuelezwa kwa mstari mmoja mmeliacha wazi namna hiyo, watu wanalisoma, wanatikisa kichwa, wanaenda zao kununua soda.

8. Hili ndilo zito. Mlinzi wa chumba cha tatu, ambaye sasa ananiita mama na mimi namletea karanga, alinieleza kanuni ya makumbusho. Alisema vitu vilivyokutwa pamoja mahali pamoja havitenganishwi, kwa sababu vikitenganishwa vinapoteza maana. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikaenda nyumbani nikiifikiria njia nzima, na nimeona haina mwanya. Jiwe lilikuwa pamoja na kigoda. Kigoda kilikuwa pamoja na aproni. Aproni ilikuwa pamoja na mimi, niliyeifua kila Jumamosi. Mimi pia nimekutwa kwenye eneo hilo hilo, tabaka hilo hilo la udongo. Alama za kutumika ninazo: goti moja, mgongo, na kiganja cha kulia chenye sugu ya ufagio, ambayo mtaalamu anaweza kuipima akipenda. Wataalamu wako walipita mbele yangu siku tisa, wakachukua jiwe na kuniacha mimi. Kwa kanuni zenu wenyewe hilo ni kosa la kazi.

Kwa hiyo mna njia mbili tu. Ama mnirudishie jiwe, ama mje mnichukue na mimi.

Mkinichukua, naomba niwe namba sitini na tatu, lakini nisipangwe kule mwisho na vibanzi. Niwekwe kabati la tatu, upande wa kushoto wa namba kumi na nne. Taa sihitaji, inaniumiza macho. Nahitaji kiti chenye egemeo, na kioo kiwe na matundu ya hewa. Kwenye kibao muandike mnachotaka, mradi msibahatishe umri. Wanafunzi wakipita nitakaa kimya. Mwongozaji akikosea nitaguna mara moja tu. Na jioni mkishafunga, nitafagia.

Ndugu Mkurugenzi, usidhani nimekosa vitu vya kumkumbukia. Shati lipo mlangoni. Miwani ipo. Redio ipo, na bado iko kwenye kituo chake, ambacho hakishiki vizuri. Lakini hivyo ni vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Jiwe ndilo pekee lililobaki lenye umbo la mkono wake. Kuna mahali kidole gumba chake kilikaa miaka yote hiyo, hadi pakafanya kishimo. Akiwa hai niliwahi kuweka gumba langu pale mara moja, akiwa ameenda kunawa. Alirudi akanikuta, akaguna mguno ambao sikuwahi kuusikia kabla wala baadaye, na sikumuuliza maana yake. Nilidhani tuna muda. Nataka kuweka gumba langu pale tena. Hilo tu ndilo ninalotaka. Kioo chenu ni kinene, nimejaribu.

Nisikuchoshe zaidi. Nisalimie yule mama mwenye miwani ya kamba, na umwambie ubishi wangu si chuki. Nisalimie mchoraji, na umwoneshe upi ni mkono wa kushoto. Salamu kwa dada wa tiketi, ambaye tangu mara ya tano ananipitisha bila kuniuliza kitu. Kama ni kosa, basi ni langu na si lake. Salamu kwa wachimbaji wote waliokunywa chai yangu, hasa yule aliyesahau kofia. Nimeifua, imepungua kidogo. Mlinzi usimsalimie, namsalimia mwenyewe.

Ni mimi, ninayengoja jibu lenu na mlango wa mbele nimeufungua,

Mjane wa fundi viatu,
nyumba iliyo mbele ya shimo lenu.

N.B. Bahasha ilikuwa imeshabandikwa stempu, nikaifungua tena kwa mvuke wa birika ili niongeze haya.

Wifi yangu amekuja leo mchana. Ameikuta bahasha mezani, akasoma anwani, akakaa, akaomba maji. Hakuyanywa. Akasema, "Wifi, usiipeleke hiyo. Jiwe la kaka ninalo mimi."

Alilichukua siku ya mazishi, watu wakiwa bado wanakunja mikeka. Aliliviringisha kwenye kitambaa, akaondoka nalo, na tangu siku hiyo linakandamiza mfuniko wa pipa lake la maji. Nilimuuliza, na machozi yale yote mbele ya kioo? Akasema, "Nilikuwa nakuona unavyoongea na jiwe la watu, wifi. Ningefanya nini zaidi ya kulia?" Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ungelitaka." Kisha akasema, "Wewe umekaa naye miaka thelathini na moja. Mimi alinibeba mgongoni."

Ni kweli ningelitaka. Tumekwenda kwake pamoja, amelifuta maji, amenipa. Kishimo cha gumba kipo. Tumeweka kwa zamu, mimi kisha yeye. Tumekubaliana likae kwangu wiki moja na kwake wiki moja, na pipa limetafutiwa tofali.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, namba kumi na nne si ya mume wangu. Umri ni wenu, picha ni yenu, nanyi mlikuwa sahihi. Malalamiko yote manane nayaondoa, isipokuwa vibanzi namba kumi na saba hadi ishirini na tatu, ambavyo ninawashauri kwa nia njema mvitazame upya kabla hajaja mtu mwingine kuvitazama.

Naituma barua hata hivyo, kwa sababu sasa naona aibu kwa huyo mtu wenu. Mara kumi na moja nimesimama mbele ya chombo chake nikimsimulia habari za mume mwingine, na yeye amenivumilia. Nimemfikiria tangu tulipotoka kwa wifi. Mtu wa mkono wa kushoto hukata kucha zake za kulia bila taabu. Za kushoto zinamshinda. Lazima apate mtu wa kumshika mkono. Mume wangu nilimkata mimi, kila Jumapili ya pili, na wakati ule wa mawe makali nadhani kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi, na mtu hampi mkono wake asiyemwamini.

Basi mtu aliyemkata kucha huyo wenu naomba apokee pole zangu, ingawa zimechelewa. Nanyi chini ya neno "Hajulikani" naomba muongeze, hata kwa herufi ndogo: "Alikuwa na mtu wake." Nitapita Ijumaa kuona kama zinasomeka.